Nakala kwa Mhusika

Mtu akikaa masijala miaka thelathini na mmoja, masijala nayo huhamia ndani yake. Huyu tunayemsema alistaafu, akapewa cheti na saa ya ukutani, akarudi nyumbani kwake, chumba namba tatu cha nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja, akaendelea na kazi kana kwamba hakuna aliyemwambia imekwisha. Kila asubuhi saa mbili kamili alikuwa mezani, shati limepigwa pasi, taipu mbele yake. Aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, za kuomba uhamisho, za kuomba radhi, na mara moja ya kuomba mke, iliyoanza kwa maneno "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Mke alipatikana, kwa hiyo tusicheke sana.

Barua yake haikuwa barua bila nakala. Chini kabisa, baada ya sahihi, aliorodhesha wote waliostahili kupelekewa nakala, kisha akazipeleka mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa tarishi wa kuaminika, alisema, hajazaliwa. Hata alipomwandikia binti yake kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, nakala moja iliingia kwenye jalada. Ndiyo maana wapangaji wenzake walimwita Bwana Nakala. Hakukasirika. Alilipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Maisha yake yangekuwa shwari kama si chumba namba nne.

Humo alikaa mwanamke wa miraba minne, umri kama miaka hamsini, ambaye uani walimwita Mama Radi, ingawa si mbele yake. Mbele yake hawakumwita chochote. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, mahali ambapo asiyepiga kelele hasikiki, na sauti ile alirudi nayo nyumbani jioni pamoja na unga kwenye nyusi. Akipiga chafya, kalamu za Bwana Nakala zilibingirika mezani, maana ukuta kati yao ulikuwa ukuta kwa jina tu. Kinyozi wa chumba cha kwanza, aliyekuwa hodari wa kuwasimulia wateja jinsi alivyowahi kupambana na majambazi watatu, akisikia viatu vya Mama Radi vinaingia uani alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli ndani. Muuguzi wa chumba cha pili, ambaye huwachoma sindano mibaba mizima bila kupepesa jicho, alichungulia kwanza kwenye pazia kabla ya kwenda kuanua nguo zake. Nyumba nzima ilitembea kwa vidole vya miguu. Watu wazima, wenye vitambulisho.

Bwana Nakala naye aliogopa, lakini yeye alikuwa na jeraha juu ya woga. Alikuwa na mjukuu, mtoto wa kike wa miaka minne, mtoto wa binti yake wa pekee. Tangu mkewe afariki, Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yake ya kuishi. Mtoto aliletwa asubuhi, akakaa mapajani mwa babu, akabonyeza taipu mpaka karatasi ikajaa herufi moja toka juu hadi chini. Babu alizipiga mhuri karatasi zile na kuzifungulia jalada lao.

Kisha, Jumamosi moja, mtoto alikwenda kucheza uani. Ikasikika sauti ya Mama Radi, sauti ambayo hata mashine ya kusaga ingeiheshimu. Binti alipotoka mbio alimkuta mwanawe kanyakuliwa juu juu, amejikojolea, analia hadi hana pumzi. Alimpokonya mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Baba," alisema huku anafungasha, "simleti tena hapa mpaka yule mama ahame."

Miezi minane ilipita. Jumamosi zikaja na kwenda tupu. Bwana Nakala alibadilisha utepe wa taipu ambao haukuwa umekwisha, akasafisha herufi moja moja kwa mswaki, na bado siku haikusogea. Alimchukia Mama Radi kwa chuki safi, yenye tarehe.

Basi ikawa wapangaji walipokutana katika duka la kinyozi, mlango umefungwa, ili kujadili jambo ambalo kila mtu alilijua, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, tena akiwa na karatasi.

"Tumwandikie mwenye nyumba," alisema. "Amwondoe."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mzee," kinyozi akasema. "Mwenye nyumba mwenyewe akija kuchukua kodi hamgongei. Anamwachia ujumbe kwangu."

"Barua iliyoandikwa vizuri huua popote."

Wakaanza kutoa malalamiko, kila mmoja akinong'ona kana kwamba ukuta wa kinyozi nao una masikio yenye unga. Bomba la maji amelitia kufuli. Redio ya kinyozi ameing'oa betri. Amebwaga jiwe kubwa nyuma ya mabafu, kaziba njia. Muuguzi alisema anamtazama vibaya. Bwana Nakala alimuuliza kuna ushahidi gani, muuguzi akasema ushahidi ni kwamba yeye huyo hapo anatetemeka, na likaandikwa. Lalamiko la mtoto aliliandika mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na akalipigia mstari.

Ikaja kwenye sahihi. Hapo ndipo ungejua mashujaa. Kinyozi mkono ulimuuma. Muuguzi alisema mwajiri wake hapendi watumishi kusaini vitu. Mwisho ikakubaliwa barua isomeke "Sisi Wapangaji Wote", na chini yake, kwa niaba ya wote, litiwe jina moja tu kamili, la Bwana Nakala. Walimshukuru sana. Mmoja alimpigia makofi ya vidole viwili, yasisikike nje.

Asubuhi iliyofuata aliichapa. Ilikuwa barua nzuri. Nasema kweli, nimeshawahi kuona barua, na ile ilikuwa barua. Akaikunja, akaipeleka. Jioni kinyozi alimkuta bombani, wanangoja kufuli lifunguliwe.

"Vipi, mzee, imeenda?"

"Imeenda, na nakala zote zimefika."

"Nakala zote zipi?"

"Moja ya jalada, na moja ya mhusika, kwa taarifa yake." Bwana Nakala alitamka hayo kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi yake. "Kanuni ndivyo isemavyo. Humshtaki mtu bila kumpa na-"

Hakumaliza. Aliutazama mkono wake, ule uliopitisha bahasha chini ya mlango wa chumba namba nne asubuhi kama ulivyopitisha bahasha chini ya milango miaka thelathini na mmoja. Kinyozi alimtazama, akatazama mlango namba nne, akaacha ndoo yake pale pale, na siku tatu zilizofuata duka lake halikufunguliwa.

Ukitaka kujua mtu alivyojipalia makaa, ungemwona Bwana Nakala siku hizo. Alikunywa maji ya jana ili asiende bombani. Alisikiliza ukuta. Upande wa pili kulikuwa kimya, na kimya cha Mama Radi kilitisha kuliko kelele zake. Wenzake "Sisi Wapangaji Wote" walimpita uani wakiangalia juu, kama watu wanaotafuta dalili za mvua.

Jumamosi, saa tisa mchana, mlango ukagongwa. Ulitikisika na bawaba zake. Alipoufungua, mwanga wa uani haukuingia, maana Mama Radi alikuwa ameujaza mlango mzima, barua mkononi.

"Mzee. Wewe ndiye unayewaandikia watu barua?"

"Ndi... ndiyo, mama."

"Na mimi ni mtu?"

"Ni mtu, mama. Ni mtu kabisa."

"Basi niandikie. Nimepata hii, nataka kuijibu."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, kiti kikalalamika. Kanuni nayo ilikuwa wazi, tena kanuni ndiyo iliyomwokoa asizimie: mtuhumiwa ana haki ya kujibu. Aliingiza karatasi kwenye taipu, akaanza kuandika utetezi dhidi ya barua yake mwenyewe.

"La kwanza, bomba," Mama Radi alisema. "Andika: si kweli."

"Mama, huwa tunaandika 'ningependa kukanusha'."

"Sipendi kukanusha. Si kweli. Waliliacha wazi usiku kucha, tangi likakauka, tukakaa siku mbili bila maji. Nikatia kufuli. Ufunguo upo kwenye msumari mlangoni kwangu. Nani alikuja kuuomba nikamnyima?"

Bwana Nakala alifikiri. Hakuna aliyewahi kwenda. Akaandika.

"La pili, redio. Hilo kweli. Andika kweli, na akirudia nitarudia. La jiwe liache kwanza. La nne, namtazama vibaya huyo muuguzi. Macho ni haya haya, mengine sina." Akasogeza barua karibu na uso, kidole kikisimama kwenye lile lalamiko lililopigiwa mstari. "Hili la mtoto. Mtoto alikuwa wapi?"

"Uani, mama."

"Uani wapi?"

Hakujua. Alikuwa ndani siku ile, akimchapia mtu ombi la uhamisho. Miezi minane alikuwa amelibeba lile tukio kifuani na hakuwahi kuuliza mtoto alisimama wapi.

"Njoo," Mama Radi akasema.

Walizunguka nyuma ya mabafu. Hapo chini ya ardhi kulikuwa na tangi la maji la zamani, lenye kina cha watu wawili kusimama mmoja juu ya mwingine, na juu yake mfuniko wa mbao. Katikati ya mbao lilikaa jiwe la kusagia, kuukuu, lile lile lililotajwa kwenye barua kuwa limeziba njia. Mama Radi aliliviringisha pembeni, peke yake, akakanyaga ubao kwa ncha ya kiatu. Ubao ukalegea kama mkate uliolowa. Chini, maji yalikuwa meusi.

"Alisimama hapa, katikati. Mimi nilikuwa pale, mlango wa bafu. Ningemwita kwa kumbembeleza, angekuja, na hatua moja tu ilimtosha kutumbukia. Nikampigia kelele, akaganda. Ndipo nikamnyakua. Mchelea mwana kulia hulia yeye, mzee. Mimi sikutaka mtu alie humu uani."

Bwana Nakala akakaa juu ya jiwe.

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuja kusema. Binti yako alinifungia mlango. Wewe ulikuwa nyuma yake, una kalamu mkononi. Nikagonga, mkanyamaza. Kesho yake nikaleta jiwe kutoka kazini. Nililibeba kichwani."

Na hapo, juu ya jiwe lile, alikumbuka kitu ambacho kilimchoma kuliko maneno ya Mama Radi. Mfuniko huu aliujua. Miaka miwili nyuma aliuona umeanza kuoza, akamwandikia mwenye nyumba barua ya kurasa mbili, yenye vifungu. Barua ilirudi na neno moja la kalamu nyekundu pembeni: "Nimeona." Yeye naye akaitia kwenye jalada, akaandika juu yake "Limeshughulikiwa", na usiku ule alilala usingizi wa mtu mwema. Hata msumari mmoja hakupiga. Kila Jumamosi mtoto aliletwa kucheza kwenye ua ule ule, na babu yake alikuwa na nakala.

Alilia. Sitamfichia, alilia kwa sauti, mzee mzima, na Mama Radi alisimama pembeni akitazama ukuta wa bafu, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Sasa jibu langu tulimalizeje?" aliuliza mwishoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kiasi cha watu wawili.

"Halihitaji kumalizwa, mama. Naifuta ile ya kwanza."

"Usifute. Wewe andika nilivyosema. Kisha ukatafute mbao."

Alitafuta mbao. Fundi seremala wa mtaa wa pili alimuuzia nne nene, na alipotaka kumwandikia hati ya makabidhiano, Bwana Nakala alisema haina haja, neno ambalo hakuwahi kulitamka maishani. Jioni ile ile walifunga mfuniko mpya, Mama Radi akishika mbao, yeye akipiga misumari, na kila alipopiga kidole badala ya msumari sauti ya mashine ya kusaga ilimwambia ashike nyundo kama mwanadamu. Wapangaji Wote walichungulia kwenye mapazia. Kinyozi alisema baadaye kwamba alitaka kwenda kumwokoa.

Mama Radi alipanda juu ya mfuniko na uzito wake wote, akaruka mara mbili. Haukulia.

Bwana Nakala akanawa mikono, akaingia ndani. Alikaa mbele ya taipu, kwa mazoea, akaitazama. Kisha akachukua simu, kifaa ambacho siku zote alikidharau kwa sababu hakitunzi kumbukumbu, akampigia binti yake.

"Mama, kesho mlete mtoto."

"Baba, yule mama ameshahama?"

"Hajahama."

"Sasa nimleteje?"

"Mlete, mwanangu," alisema. "Angekuwa amehama, ningekuambia usimlete."