Vegetable Mbele ya Mzee

Sisi watu wa Kongwa hatupendi neno liishe bila irabu. Tukikuta konsonanti imeachwa peke yake mwishoni, tunaihurumia, tunaipa mwenzake. Ndiyo maana kwetu vegetable ni vejiteboli, silabi tano nzima, neno lililoshiba.

Ofisi yetu ya kilimo ilipopata habari kwamba wageni wa kutoka nje watakuja kuona bustani yetu ya mboga, mkuu wetu, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, alinichagua mimi niwaeleze kwa Kiingereza. Nikifanya vizuri, nitakwenda Dodoma mjini kwa mafunzo ya wiki tatu. Niliyataka mafunzo yale, sifichi.

Wiki nzima nilijifunza kwa simu kulitamka neno lile kama wenyewe Waingereza. Silabi tatu tu, ilisema sauti ya simuni: uzito wote uuweke mwanzoni, e ya pili uimeze, na mwishoni usiongeze i. Wala usitamke kana kwamba kuna table, meza ya Kiingereza, humo ndani. Nilichambua mlenda nikisema vej-ta-bl, vej-ta-bl, mpaka mume wangu akaniuliza kama mlenda nao unasoma.

Siku ikafika. Mzee akafungua mwenyewe, akawakaribisha wageni kwenye vejiteboli zetu. Alilirudia neno mara saba, nilihesabu. Kisha akanigeukia. Nifanyeje? Huyu ninampa shikamoo kila asubuhi. Kulitamka sawasawa baada yake, mbele ya wageni, si ni kumvua nguo hadharani? Nikasema vejiteboli, kwa adabu zote. Wageni wakatabasamu, wakapiga picha nyanya.

Walipoondoka, mzee akaniita.

"Mwanangu, wiki nzima nakusikia kule stoo ya ofisi ukilisema kama watu wa redioni. Leo limekwenda wapi?"

"Nilikuheshimu, mzee."

"Basi heshima yako imekunyima nafasi. Mafunzoni nimpeleke mtu wa kuogopa kusema?"

Hasira zikanipanda. Wiki yangu yote ile!

"Haya, mzee, umekosea mara saba. Ni vej-ta-bl."

Nilijua nimeharibu kabisa. Yeye akajaribu: vejitebo. Nikatikisa kichwa. Vejtaboli. "Hiyo i ya mwisho, mzee, iache." Mara ya tatu akalipata, akacheka mpaka akafuta macho, akavuta fomu ya mafunzo na kuandika jina langu.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna aliyeniambia."