Viatu vya Kaka Fiston

Juzi, sokoni Tsoka, niliona viatu vya kuchezea mpira vikining'inia, nikasikia tena harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya kupikia.

Mchana ule wa utotoni mwangu, kambini kwetu Dzaleka, kocha wa timu moja ya Lilongwe aliongea na baba pembeni, kisha akaondoka. Baba akamgeukia kaka Fiston. "Anasema unajua kufunga kupita batoto bake bote. Lakini mukimbizi habamuandike mu ekipe."

Kaka akavua viatu. "Chukua, hivi njo vyako," akaniambia, akaingia ndani.

Majirani wakaja kukaa nasi kama kwenye matanga. Hilo nalielewa sasa. Siku ile nilidhani wamekuja kunifurahia. Nikawachezea, viatu vikigonga mawe ya uani, na hakuna aliyenikataza. Nikamwita kaka atoke, aone namna vinavyonikaa.