Patroni yenye "Kama" Mbili

Hapa Rumonge ukisema patroni, mgeni atadhani unamtaja bosi. Sisi wanakwaya tulijua ni karatasi za kukatia nguo za Émérance, fundi aliyetoka Uvira na kopo lake la biskuti. Humo alizihifadhi, na washonaji wa pwani nzima ya ziwa waliziazima pamoja na maelezo ya kushona aliyoyaandika pembeni.

Juni 1962, wiki moja kabla ya Uhuru wa Burundi, aliiahidi kwaya gauni arobaini. Aliwagawia kazi washonaji sita. Robota la kwanza likaja kutoka Magara: mishono imefumuka, nyuzi zimejiviringa! Domitille, mmoja wa wale sita, alilileta mwenyewe, amevimba kwa hasira.

"Yaya, dada yangu, uliandika 'mwisho wa mushono, rudi nyuma'. Mimi nikazungusha mukono ya mashini nyuma. Uzi yote ikakatika!"

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. Émérance hakucheka. Maelezo hayo alikuwa ameyabadilisha baada ya kujaribu cherehani mpya ya Samiha, binti wa mwenye duka, yenye kitasa cha kurudisha mshono. Cherehani ya Domitille, kama nyingine nne, ilikuwa ya mkono, tena inajua kwenda mbele tu.

"Leteni gauni zote kwangu," alisema Samiha, aliyekuwa nasi hapo.

"Peke yako? Utamaliza Noeli! Zikiharibika hizi, nani atafungua tena kopo langu?"

Émérance akashika kalamu: "Kama mashini iko na kitasa, bonyeza. Kama haina, acha sindano ndani, inua mguu, geuza kitambaa, shona mbele."

"Mguu ya nani?" aliuliza Domitille.

"Ya mashini, weye!" Lakini akaliongeza neno hilo. Akashona kwa cherehani ya Samiha, kisha kwa ile ya mkono, akaivuta mishono kwa meno. Yote ikashika! Tulinakili karatasi sita mbiombio, vidole vimejaa wino, nami nilifurahi kama nimezibuni mwenyewe.

Tarehe mosi Julai tulijipanga, gauni zote arobaini tayari. Watu wote wanatazama mlingoti wa bendera, Émérance anatazama mapindo yetu. Akaligeuza langu, akakagua mshono.

"Hii ni ya Samiha."

"Ni ya Domitille," nikamwambia.

Akalitazama tena, karibu kabisa. Kisha akapiga kigelegele, bendera yenyewe haijapanda.