Mlima wa Nne wa Mwalimu Alfayo

Alfayo Okoth alikuwa na sauti nzuri, na hakuna aliyemwomba aitumie. Aliitumia hivyo hivyo. Alitoka upande wa ziwa mwaka wa hamsini na moja, yeye na mkewe Wilkista na binti yao Loice, kuja kufundisha shule ya kambi namba tisa katika shamba moja la chai nje ya Kericho. Wiki ya kwanza aligundua kwamba shule haina vitabu, ubao ni mlango wa zamani uliopakwa masizi, na mvua ya saa nane ikishaanza kupiga mabati hakuna mtoto anayesikia neno. Kupaza sauti hakukusaidia. Basi akaimba.

Aliimba kila kitu. Jedwali la kuzidisha lilikuwa na wimbo wake, mito ilikuwa na wake, na hata kunawa mikono kulikuwa na kiitikio. Akina mama waliokuwa wakichuma chai chini ya shule walizidaka nyimbo hizo, wakawa wanachuma kwa mdundo wa jedwali la sita, na nyapara Kipsang akaapa kwamba hajawahi kuona vikapu vikijaa upesi namna ile.

Tatizo lilikuwa moja. Watoto wa Alfayo walijua kila kitu, lakini walikijua kwa mpangilio. Ukimuuliza mtoto saba mara nane, anasimama, anaweka mikono nyuma, anaanza na mbili mara moja. Ukimkatiza, anarudi mwanzo. Siku moja padri mgeni alimuuliza msichana aitwaye Chepkirui ng'ombe ana matumbo mangapi, na kwa kuwa wimbo wa ng'ombe unaanzia kwenye pembe, padri wa watu alichelewa chakula cha mchana.

Wimbo wa milima ndio uliomtesa Alfayo kuliko nyimbo zote. Mahadhi yalidai milima minne, kila mmoja na sifa yake. Kenya wenye theluji, sawa. Elgon wenye mapango, sawa. Longonot wenye shimo, sawa. Mlima wa nne ukakataa katakata kukaa kwenye mahadhi, kila aliojaribu ulikuwa mrefu mno au mfupi mno. Mkewe alikuwa jikoni amenuna kwa sababu ugali ulikuwa unapoa, na Alfayo akaona afadhali ashikilie nafasi kwa muda hadi apate mlima wa kweli. Akaandika: Wilkista wenye mawingu. Kisha akaenda kula, akasahau.

Mwaka wa tatu meneja wa shamba alimwita ofisini. Alimwambia kwamba darasa la nne limeanguka mtihani mara mbili. Likianguka mara ya tatu, chumba kitawekwa magunia ya mbolea na watoto watapewa vikapu vya kuchumia chai. Alfayo alitoka pale. Alijua kabisa kwa nini walianguka: chumba cha mtihani kilitaka kimya, na watoto wake wakinyamaza walikuwa hawajui kitu.

Alifikiri siku nne, na siku ya tano akapata dawa, ya kichaa. Watoto wangeimba kwa tumbo, bila sauti. Ili mdomo usiwasaliti, kila mmoja angebeba maji mdomoni, na asiyameze wala kuyatema hadi amalize kuandika. Kwa miezi miwili kambi nzima iliona watoto thelathini wamekaa darasani mashavu yamevimba, miguu ikigonga sakafu pamoja, na hakuna anayesema neno. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanakuja nyumbani wameshiba maji. Wilkista alimwambia mumewe amerukwa na akili, na Alfayo akamtikisia kichwa, mashavu yamevimba, maana na yeye alikuwa anafanya mazoezi.

Siku ya mtihani alikuja mkaguzi wa elimu, Mzungu mrefu mwenye suruali fupi. Alfayo alitolewa nje, kama sheria ilivyotaka, akabaki kuchungulia dirishani. Mkaguzi aliita majina. Watoto thelathini waliitikia kwa kichwa. Aliwasalimia, wakatikisa kichwa. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, ya viapo vya siri msituni, na serikali ilimwogopa mtu yeyote aliyefunga mdomo, sembuse thelathini kwa pamoja, hata jasho likaanza kumtoka bwana yule. Kisha Chepkirui akapiga chafya, na orodha ya majina ikalowa chapachapa. Mkaguzi alijifuta uso kwa utaratibu, akaandika kwenye daftari lake kwamba pengine ni mila, akagawa karatasi.

Waliandika vizuri ajabu. Mkaguzi alisahihisha palepale kwenye meza ya mwalimu, na Alfayo akaona uso wake unalainika karatasi baada ya karatasi. Halafu ukakunjamana. Akarudi kwenye zile alizokwisha kusahihisha, akazipekua tena zote, akamwita Alfayo ndani.

"Toto yote thelathini nasema iko mlima Wilkista," alisema. "Mimi hapana ona hii mlima kwa ramani. Kama toto moja nasema, hiyo makosa. Kama yote nasema, hiyo wizi. Mimi nafunga hii shule."

Alfayo aliona magunia ya mbolea yakiingia mlangoni. Alijaribu kueleza habari za mahadhi, akaishia kuimba, jambo ambalo halikumsaidia. Mkaguzi akauliza kwa mara ya mwisho huo mlima uko wapi.

"Uko jikoni, bwana," alisema Alfayo. "Ni bibi yangu."

Mkaguzi akataka kumwona huyo bibi. Kama yupo, kosa ni la mwalimu. Kama hayupo, ni wizi. Wilkista akaitwa, akaja na unga mikononi, akaelezwa wimbo mbele ya darasa zima, kuanzia Kenya wenye theluji hadi kwake. Alfayo hakuthubutu kumtazama. Angesema tu kwamba hataki upuuzi, akarudi zake jikoni, shule ingekwisha.

Wilkista alivimbisha mashavu, hata mtu angedhani naye ana maji mdomoni.

"Miaka kumi na miwili nampikia huyu mtu," alisema mwishowe, "na yeye ananiita tu mama Loice. Nilifikiri jina langu alishasahau." Akapangusa unga kwenye leso. "Ndiyo, bwana. Huo mlima ni mimi."

Mkaguzi alimkata kila mtoto alama moja, akawapitisha wote thelathini. Magunia ya mbolea yalitafutiwa banda lingine, na Alfayo, aliyekuwa hajalia tangu amzike baba yake, alilia nyuma ya choo cha shule hadi mvua ikaja.

Mwaka uliofuata, mwalimu mwenzake wa Londiani alimtumia kwa barua mlima wa kweli uliotosha kwenye mahadhi bila kupungua wala kuzidi. Alfayo aliufundisha Jumatatu asubuhi, madirisha yakiwa wazi. Jumatatu jioni alikuta jikoni hakuna moto, na mama Loice amejilalia. Jumanne akaufuta ubaoni.

Darasa la mwaka ule nalo lilipita mtihani, na kila mtoto alipoteza alama moja.