Bata wa Kambi ya Programu

Juzi, kwenye dirisha la tiketi pale stendi ya Tabora, mbele yangu alisimama dada mmoja mwenye begi la laptop mgongoni na bata hai kwapani. Alikuwa anakwenda Sikonge.

Karani akachungulia. "Dada, huyo bata ni zawadi au biashara?"

"Ni wa masomo, kaka. Tuna kambi ya wanaoandika programu za kompyuta, inaanza leo. Tunakaa kwa wenyeji, tunafundishana wenyewe, na kila mmoja anakuja na bata. Programu ikigoma, unamweleza bata mstari kwa mstari mpaka kosa unaliona mwenyewe."

"Na bata anajibu?"

"Hajibu. Ndiyo kazi yake. Wenzetu wanatumia wa plastiki, mimi nimezunguka mtaa mzima wa Ng'ambo hapa mjini nimemkosa."

Karani akacheka mpaka akafuta macho. Nikamuuliza mbona basi la asubuhi halijatoka na jua limeshapanda. Akakunja uso. Dada akamweka bata juu ya kaunta.

"Mweleze huyu."

Karani akamwinamia kwa mzaha. "Sikiliza, mzee. Basi lipo. Abiria wapo. Dereva yupo, anasubiri ufunguo. Na ufunguo anao..."

Akainuka. Akapapasa mfuko wa shati, akautoa ufunguo, akatoka nao bila kututazama.

Katika madirisha yote ya mji huu niliyowahi kuegemea, bata yule ndiye wa kwanza kumsikiliza mtu bila kumwambia arudi kesho.