Kuonekana Si Kupatikana

Ukungu wa Kibugu, kijijini kwetu, una harufu yake. Unanukia majani mabichi ya chai, moshi wa kuni zilizonyeshewa na udongo mwekundu ulioloa, na mtu aliyekulia huko hata akifungwa macho akanusishwa ukungu huo atasema bila kusita kwamba amefika nyumbani. Mwezi wa Julai ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msituni alfajiri na kutulalia mpaka saa sita mchana, na wachumaji chai walikuwa wakiimba, si kwa furaha wala kwa huzuni, bali ili mwenzako ajue uko mstari gani. Aliyenyamaza aliitwa jina lake mpaka aitike. Mama aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyokwaruza kidogo, nami nikiwa na umri wa miaka tisa niliweza kukisia kikapu chake kimejaa kiasi gani kwa kusikiliza jinsi alivyovuta pumzi. Kumwona sikumwona. Lakini sikumbuki hata siku moja kufikiri kwamba Mama hayupo.

Asiyekuwapo alikuwa Baba. Aliondoka mwezi wa Machi baada ya kugombana na Cucu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake mzazi. Baba alikuwa amesikia kwamba kule Maua, mji wa Wameru, watu wanajenga nyumba za mawe kwa pesa za miraa, akataka kung'oa mistari sita ya chai aliyoipanda marehemu babu ili naye apande miraa. Kwamba miraa haipendi baridi ya kwetu ni jambo ambalo halikumshughulisha. Cucu alisimama mbele ya mistari ile na panga mkononi, mama mzima wa kanisa, akamwambia kwamba mtu wa kung'oa chai ya baba yake hataki kumwona. Baba aliingia ndani. Alitia nguo mbili kwenye mfuko, akasema basi ataifuata miraa kwa wenyewe, akashuka barabarani akiwa hajanywa hata chai.

Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Alikuwa amepata kazi ya kufunga na kupakia miraa kwenye pikapu zinazokimbilia Nairobi, na siku moja betri yake ilipokufa alitumia simu ya mwanamke mmoja aitwaye Mama Kendi, aliyekuwa na kibanda cha chai na chapati mahali pikapu zinapopakia. Mwezi wa Mei akanyamaza. Simu yetu ilikuwa moja, kabambe ya Mama, kisimu kidogo cha vitufe, naye aliiacha kwa Cucu kila asubuhi asije akaidondosha shambani. Cucu hakujua Kiswahili. Nilikuwa nikimbonyezea nambari ya Baba, namwekea simu sikioni, na kila mara alijibiwa na sauti ile ile ya mwanamke mwenye adabu nyingi: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Cucu alitaka kujua huyo ni nani na anasema nini. Nikamtafsiria, naye akakunja uso, akauliza kama huyo mwanamke anajua vizuri hivyo kwamba mwanawe Njeru hapatikani, ameipata wapi simu ya Njeru. Kwa wiki kadhaa aliamini mwanawe ameoa huko Maua mke mwenye sauti nzuri na majibu mafupi. Mama alicheka mara ya kwanza. Baadaye aliacha kucheka. Alimpigia Mama Kendi, akaambiwa kwamba Njeru alihamia pikapu nyingine na haonekani siku hizi, lakini akionekana watajulishwa.

Hapa lazima nieleze jambo moja la lugha, maana kosa langu lilizaliwa hapo. Kwa Kiembu, kuona na kupata hukaa nyumba moja. Mwanamke akijifungua, husemwa amemwona mtoto. Mtu akiajiriwa, ameiona kazi. Na kitu kilichopotea kikirudi mikononi mwa mwenyewe, husemwa kimeonekana. *Kwoneka* ndilo neno lenyewe, na hatuna haja ya jingine. Nilipokuwa darasa la tatu niliandika insha nikasema, "Mama yangu aliona mtoto hospitalini tukafurahi sana." Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: alimwona mtoto wa nani? Darasa zima lilicheka, nami nikajifunza kwa aibu kwamba ukivuka kutoka Kiembu kwenda Kiswahili, kuona kwetu huwa kupata. Mwalimu yule alinifundisha njia ya kwenda. Ya kurudi hakunifundisha, wala mimi sikujua kwamba ni njia nyingine.

Simu ililia asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa umefika mlangoni. Nilikuwa nyumbani kwa sababu ya mafua. Cucu aliishika kama mtu anayeshika yai, akanipa. Alikuwa Mama Kendi, akizungumza katikati ya kelele za injini na watu wanaogombana kwa Kimeru. "Hapo ni kwa kina Njeru? Mwambie cucu yako Njeru ameonekana," akasema. "Ameonekana hapa Maua, na..." Kisha mtandao ukakatika, kama ulivyokuwa ukikatika kila ukungu unapokuwa mzito. Cucu alikuwa ameniinamia mpaka pumzi yake ikanigusa shavu. Nikachukua neno la Mama Kendi, nikalibadilisha vazi tu, shina likawa lile lile na mwisho wake karibu ule ule, nikamwambia kwa Kiembu kwamba Baba ameonekana. Alichokisikia yeye ni kwamba mwanawe amepatikana.

Sijawahi kumwona mtu mzee akikimbia vile. Alitoka na ukungu ukammeza papo hapo, nikawa nasikia sauti yake tu ikishuka mstari kwa mstari ikimwita Mama. Hivyo Mama alipata habari kwa Kiembu kutoka kinywani mwa Cucu, yeye aliyejua Kiswahili kuliko mimi, na hakuwa na sababu ya kuniuliza Mama Kendi alisema neno gani hasa. Nakumbuka alikaa chini kwenye majani mabichi na kikapu bado kikiwa mgongoni. Cucu alitaka kupanda gari siku ile ile aende Maua. Mama alifuta macho, akasema hapana. "Kama amepatikana, njia ya nyumbani anaijua," alisema. "Alitoka kwa miguu yake." Cucu akakubali kwamba subira huvuta heri, akaenda kuloweka njahi, maharagwe meusi ya karamu.

Siku nne zilizofuata zilikuwa za furaha iliyonichanganya. Blanketi za Baba zilianikwa ingawa jua halikuwapo. Akina mama wa kanisa walikuja kutoa shukrani, wakaniwekea mikono kichwani kana kwamba mimi ndiye niliyemtoa Maua kwa kamba. Jogoo alichinjwa siku ya pili kwa sababu Cucu alisikia gari likipanda; lilikuwa lori la kubebea chai, basi jogoo tukamla wenyewe. Siku ya tatu njahi zilichachuka zikapikwa nyingine. Siku ya nne Cucu alikaa kwenye kiti nje ya mlango akitazama ukungu, na kila umbo lililotokea ndani yake lilikuwa Baba mpaka likaribie. Kiswahili kina hazina ya ajabu: wanaosema subira huvuta heri ndio hao hao wanaosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakuna anayekuambia ni siku ya ngapi ndipo utoke kwenye methali ya kwanza uingie ya pili.

Siku ya tano Mama Kendi alipiga tena. Mama alikuwa shambani, mafua yangu yalikuwa hayajaisha, na Cucu alinipa simu akitabasamu.

"Wewe mtoto, mbona hamkukuja?" aliuliza. "Nilidhani mmetoka kitambo. Amekaa hapa siku nne anangoja watu wa kwao. Hata shati amefua."

Nikamwambia tulikuwa tunamngoja yeye, kwa sababu tulisikia amepatikana.

"Mimi sikusema amepatikana," Mama Kendi alisema, si kwa hasira, bali kwa uchovu wa mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Nilisema ameonekana. Kuonekana ni kitu ingine, kupatikana ni kitu ingine. Mtu anaonekana, sasa nyinyi mnakuja mnampata. Ameondoka asubuhi na pikapu. Saa hii haonekani tena."

Cucu aliuliza anasema nini. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtafsiria: siku nne, shati lililofuliwa, tofauti ya neno na neno. Niliyaona yote yamepangwa mbele yangu na nikaogopa. Nikachukua la mwisho peke yake. Nikamwambia haonekani. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu simu ile ianze kulia, Kiswahili na Kiembu vikakubaliana kabisa, maana asiyeonekana hajapatikana kwa lugha yoyote. Cucu aliingia ndani akaanza kukunja blanketi. Mama alikwenda Maua mwenyewe juma lile, akarudi na mfuko wa nguo mbili na habari kwamba pikapu ile ilikuwa ya mtu wa mbali. Sikumwambia kilichotokea. Sikumwambia mtu yeyote.

Cucu alikufa miaka miwili baadaye. Hakuwa mgonjwa wa muda mrefu, na siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kila gari linalopanda ni la nani. Baba alirudi mwaka uliofuata, wakati wa mvua za Oktoba, kwa miguu yake, kama Mama alivyotabiri. Hakuna jogoo aliyechinjwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile mistari sita ya chai, akaikuta imekatwa vizuri, akasimama hapo, kisha akauliza mama yake yuko wapi. Mama alimwonyesha kwa mkono upande wa kaburi. Maji yakimwagika hayazoleki, na kwetu hatukujaribu hata kutafuta kata. Baba alianza kuchuma kesho yake, na tangu siku hiyo yuko nyumbani.

Mimi leo nafundisha Kiswahili katika shule moja karibu na Nchiru, njiani kwenda Maua, na nimekuwa mtu wa kutia wino mwekundu kwenye insha za wengine. Wanafunzi wangu wanaonitembelea siku za likizo hunisalimu kwa kusema, "Mwalimu, siku hizi huonekani," nami najua hawasemi habari za macho. Wananilaumu kwa upole. Nawafundisha kwamba Kiswahili hukuruhusu kuonekana mgonjwa bila kuwa mgonjwa. Nawaambia kwamba Kiingereza kina neno, *visible*, la kitu ambacho jicho lingeweza kukifikia hata kama hakuna jicho lililofumbuliwa, na kwamba Kiembu hakijali jicho hata kidogo, kinauliza tu kama mkono umeshika. Nalieleza vizuri, wanaandika. Halafu narudi kwenye chumba changu nikiwa sijaelewa.

Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani, nikachuma chai na Baba. Ukungu ulikuwa ule ule. Baba haimbi, hukohoa tu ili ujue alipo, na labda ni kwa sababu sikuwa namwona ndipo nilipopata ujasiri. Nilimwambia yote kwa Kiembu, ndiyo lugha yetu. Nilimwambia Mama Kendi alisema ameonekana, nami nikamwambia Cucu kwamba ameonekana. Nikasikia maneno yangu mwenyewe na nikaduwaa, kwa sababu katika Kiembu sentensi ile haikuwa na kosa. Neno lilikuwa moja pande zote mbili. Nilijaribu tena nikazunguka, nikaleta habari za macho na za mikono, na kila nilipofika mwisho nilikuwa nimekiri kwamba nilifikisha ujumbe kama nilivyopewa.

Baba alikohoa upande wangu wa kushoto. "Sasa wewe ulikosea wapi?" aliuliza.

Nikasema walielewa amepatikana. Kwamba ndiyo sababu hawakwenda.

Nilisikia majani yakikatika na kutupwa kikapuni.

"Wawira," alisema, "mbuzi akipotea kisha aonekane, ni mbuzi hurudi, ama ni mwenyewe huenda kumchukua?"

Miaka yote hiyo nilibeba neno moja nikiamini ndilo lililomzuia, na huenda hata ningelitafsiri sawasawa Mama angesema yale yale, kwamba alitoka kwa miguu yake. Huenda Baba naye angengoja siku nne zile zile. Huenda kosa langu halikuwa na kazi yoyote, na hilo linanichanganya kuliko kuwa na hatia.

Siku hizi mtoto wa miaka tisa hatakiwi kumtafsiria mtu simu. Baba ana simu ya kioo niliyompelekea, na ninaweza kuangalia kwenye yangu saa aliyoonekana mwisho, dakika kwa dakika, jambo ambalo Cucu angelidhani ni muujiza au uchawi. Lakini ukungu wa Kibugu haujui maendeleo. Ukishuka, mtandao unakwenda nao, na ninapopiga hujibiwa na mwanamke yule yule, ambaye sauti yake haijazeeka hata siku moja. Jumamosi iliyopita aliniambia kwa adabu yake yote kwamba hapatikani kwa sasa. Baba hakuwa mgonjwa, wala hapakuwa na jambo. Niliacha insha mezani, nikavaa koti, nikaenda kumchukua.