Kuti la Upepo

Biashara haiwezi kunishangaza tena. Nimeuza mchanga, nimeuza mbuzi wa Samburu kando ya barabara kuu, nimenunua lori bovu likanizalia malori mawili mazima. Shule yangu iliishia darasa la nne, na leo wenye vyeti vyao huniamkia mimi kwanza. Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipoteremka Kinondo kutafuta makuti ya kuezekea nyumba yangu ya wageni, sikutarajia kukutana na jambo nisilolijua.

Harufu ndiyo iliyonirudisha nyuma. Unaikumbuka, rafiki yangu? Kuti kavu likinyunyiziwa maji lipate kulainika hunuka kama mvua ya kwanza juu ya vumbi. Nyumba yetu ilinuka hivyo mwaka mzima, maana bibi yangu alikuwa mshona makuti. Asubuhi tulikula muhogo wa nazi uliolala, kisha akaketi uani, miguu ameinyoosha, akikunja majani juu ya ufito na kuyashona kwa nyuzi za miyaa. Mbega walirukaruka juu ya paa letu. Jirani yetu, naye mshonaji, alikaa ng'ambo ya ua akimchokoza: "Wewe mwanamke, unashona au umelala?"

Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuhesabu na kufunga. Makuti ishirini ni korija moja, hilo kila mtu analijua. Korija ya bibi ilikuwa na ishirini na moja. Lile la mwisho halikulipiwa. Aliliita kuti la upepo. "Moja litavunjika njiani," alikuwa akisema, "na sitaki mtu alale akinifikiria kwa ajili ya kuti moja."

Uhuru ulipokaribia, kila mtu alikuwa akiezeka kitu. Fundi wa mapaa kutoka Msambweni akaagiza korija sitini kwa mpigo, za banda la wageni wa sherehe. Nusu ya pesa alitoa, nusu angeleta baadaye, na bibi akaniambia hiyo nusu ya pili ndiyo karo yangu. Nikakaa chini kufunga, na hapo ndipo akili yangu ya biashara ilipozaliwa. Katika kila korija nikachomoa lile la upepo. Makuti sitini, korija tatu kamili! Nikamwuzia mwenye mkahawa wa njia panda kwa shilingi sita, nikanunua kuku, na kuku wale ndio mwanzo wa mali yangu yote.

Vijana wanaokuja kuniuliza siri ya kufanikiwa mimi huwapa kisa hiki. Huwaambia, tazama kile ambacho wenzako wanakitoa bure, mtaji wako upo hapo. Huwaambia pia kwamba bibi yangu alikufa maskini kwa sababu ya kugawa. Kweli baada ya mwaka ule wateja walimhama, nami sikurudi shule. Nimekuwa nikisema niliiacha mwenyewe, kwa kuwa nilikwisha kuwa mfanyabiashara.

Sasa yule jirani bado yupo, na bado anashona katika ua uleule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

Nikamwagiza korija arobaini. Tukavutana bei mpaka nikashinda, kama kawaida yangu, kisha nikamtania: "Na la upepo je, mama?"

Akauweka ufito chini. "La upepo wewe ulikwisha kulichukua."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba yule fundi alirudi siku ya pili ya sherehe. Makuti yalivunjika ndani ya lori, naye alikuwa ameyategemea yale sitini. Paa likabaki na tundu juu ya viti vya wazee, na mvua ikawanyeshea mbele za watu. Alisimama uani pale akipiga kelele, anataka kujua nani aliyempunja. Mimi nilikuwa kwa kuku wangu.

"Bibi yako akamwambia, 'Niliyachomoa mimi.' Basi fundi ile nusu hakuilipa. Na mafundi wenzake hawakuja tena."

"Alijuaje kuwa ni mimi?"

"Wewe hufunga kwa mkono wa kushoto. Fundo lako alilikuta pale mkahawani."

Nikamwuliza mbona hakunichapa.

"Hata mimi nilimwuliza. Akasema, mtoto akiitwa mwizi leo, Kinondo itamwita hivyo mpaka azeeke. Yeye mwenyewe ameshazeeka tayari."

Mkahawa ule siku hizi ni kituo cha mafuta. Ng'ambo ya ua, mahali pa bibi pameota majani, na paa tulilolala chini yake halipo, wala nguzo. Watu wanaezeka mabati, na wanaouza makuti huhesabu kumi na nane wakaita korija. Mimi nimewafundisha wengi kuhesabu hivyo, nikalipwa, na shukrani juu yake.

"Makuti yako nitakushonea," mama yule akasema. "Lakini kwanza yalipe yale sitini, kwa bei ya leo. Pesa nitazipeleka msikitini kwa jina la bibi yako."

Bei ya leo ni shilingi tatu kuti moja. Mimi huomba kupunguziwa hata bei ya sanda. Safari hii nilihesabu noti mbele yake bila kuvutana, nikazihesabu tena. Shilingi mia moja na themanini.